Je, wajua kwa nini samaki wa Kigoma hufika hai, kisha hufa?

Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika husafiri saa nyingi ndani ya mfuko wa plastiki, wengine mpaka Ulaya, na hufika wakiogelea. Mfuko unafunguliwa, mnunuzi anafurahi, na saa chache baadaye samaki wanahema juu juu. Kesho yake wamekufa. Lawama zote humwendea mfungashaji: "Umeniuzia wagonjwa." Lakini mara nyingi samaki walikuwa wazima kabisa. Walichokosa ni maji ya kwao, na sumu iliyowamaliza iliamka mfuko ulipofunguliwa.

Maji ya kwao yana tabia yake. Kipimo cha pH huhesabu 7 kuwa katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alikali, na kila hatua moja ni tofauti ya mara 10. Ziwa Tanganyika, sehemu za juu wanakoishi samaki hawa, lina pH ya karibu 9. Mto Rusizi huleta humo chumvichumvi kutoka Ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano. Njia pekee ya maji kutoka ni Mto Lukuga, nao hutoa kidogo tu. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka, ndipo unapata ziwa lenye bikaboneti nyingi (chumvi ya jamii ya soda ya kuokea), sodiamu, na magnesiamu inayoizidi kalisiamu. Ukitazama miamba ya ufukweni kuanzia Kigoma kuelekea Gombe, utaona ukoko mweupe wa chokaa uliogandia mawe.

Kwa samaki, namba ya pH si kitu kikubwa kuliko uthabiti wake. Bikaboneti huyazuia maji yasiyumbe, na kwa kuwa ziwa ni kubwa na lina kina cha mita 1,470, leo na jana havitofautiani sana. Tropheus duboisi, yule ambaye utotoni ni mweusi mwenye madoa meupe, au frontosa wa Kigoma mwenye mistari saba wakati ndugu zake wa kwingine wana sita, hajawahi kuishi siku moja kwenye maji yanayobadilika. Mwili wake haujajifunza. Waliozaliwa kwenye matangi kizazi baada ya kizazi huvumilia zaidi, ndiyo maana ushauri wa mtu anayefuga wa kuzalishwa haumfai kila mara anayefuga wa kuvuliwa ziwani.

Sasa turudi kwenye mfuko. Mfungashaji anayejua kazi huwaacha samaki bila chakula siku mbili tatu ili matumbo yawe matupu. Hutumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kufunga pembe zake kwa utepe ili samaki wadogo wasibanwe kwenye kona. Theluthi moja ni maji, sehemu iliyobaki ni oksijeni ya mtungi, kisha raba inasokotwa mara kadhaa shingoni.

Humo ndani samaki wanapumua na kutoa hewa ukaa, ambayo ikiyeyuka huyatia maji asidi. Pia hutoa amonia kupitia mashavu. Amonia ina sura mbili, na pH ndiyo huamua ipi itawale. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, amonia yenye sumu haifiki hata sehemu 1 kati ya 100; iliyobaki ni amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Kwenye pH 9 sehemu yenye sumu hupita 30 kati ya 100. Kwa hiyo hewa ukaa iliyojaa mfukoni huwalinda samaki bila mtu kukusudia: inashusha pH, na amonia inatulia.

Ukifungua, hewa ukaa hutoka kama gesi ya soda iliyofunguliwa. pH inapanda, na taka ya safari nzima inageuka sumu huku samaki wakiwa bado ndani yake. Kuna wanaoweka na pampu ya hewa kwenye mfuko huo, eti wawasaidie kupumua. Hapo ndipo wanapowaua haraka zaidi.

Baada ya safari ndefu, usianze kudondoshea maji ya tangi mfukoni taratibu. Acha mfuko uelee bila kufunguliwa, dakika 20 hivi, joto lilingane. Kisha fungua, watoe samaki kwa wavu laini, watie tangini, na maji ya mfuko uyamwage nje. Hilo linawezekana tu kama tangi limeandaliwa mapema kwa maji yanayofanana na ya ziwani, na kichujio chake kimekomaa wiki kadhaa ili bakteria wawe tayari kuila amonia.

Kufananisha maji kuna kazi. Maji ya bomba Tabora mjini siku hizi hutoka Ziwa Victoria, na chumvi zake hazifikii hata robo ya zile za Tanganyika. Kwa lita 20, vijiko viwili vya chai vya bapa vya bikaboneti ya soda na viwili vya chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) hukaribia bikaboneti na magnesiamu ya ziwani. Ni bikaboneti ile ya kuokea, si baking powder iliyochanganywa na asidi. Magadi ya maharage nayo usiyaguse: yana kabonati, na huweza kurusha pH kupita kiasi. Yeyusha kwenye ndoo, tia pampu ya hewa usiku kucha ili klorini nayo ipungue, kisha pima.

Changarawe ya chokaa au magamba ya konokono husaidia, ila hufanya kazi polepole na kwa kawaida huishia karibu na pH 8. Mimi naona inatosha kwa wengi wao, kuliko 9 ya leo inayokuwa 7.5 kesho kila ukibadilisha maji.