Je, wajua picha ya chakula hufanya nini kwenye ubongo wa mwenye anoreksia?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwenye anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula hadi kukonda mno, hataki kula kwa sababu hasikii njaa. Jina lenyewe linapotosha: asili yake ni Kigiriki, maana yake kukosa hamu ya kula, na ndilo alilolitumia daktari William Gull wa London mwaka 1873. Kwa hiyo nilidhani mgonjwa akionyeshwa picha ya sahani ya pilau, ubongo wake utatulia kana kwamba ameona picha ya kiatu.

Hautulii. Wagonjwa wengi huwaza chakula kutwa kucha. Wapo wanaokusanya mapishi na kuwapikia watu wa nyumbani, wao wenyewe wasionje. Njaa humfanyia hivyo hata asiye mgonjwa. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili. Walifikia kulamba sahani na kusoma vitabu vya mapishi kwa hamu kubwa.

Sasa kama hamu ipo, mkono unazuiwa na nini? Wengi husema ni ukaidi, au moyo mgumu wa kujinyima. Nami nilisema hivyo. Kosa hili linaumiza kuliko lile la kwanza, maana ndilo linalomfanya mama amwambie bintiye, "Si uamue tu kula, mwanangu?"

Mwaka 2015 watafiti wa New York, wakiwemo Karin Foerde na Joanna Steinglass, walilinganisha wanawake 21 wenye anoreksia na 21 wasio nayo. Kila mmoja alilala ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, akaonyeshwa picha za vyakula moja baada ya nyingine, akichagua. Wagonjwa walikwepa vyenye mafuta, jambo lililotarajiwa. Kilichonishangaza ni mahali: wakati wa kuchagua, sehemu ya juu ya striatamu, iliyo ndani kabisa ya ubongo, ilifanya kazi zaidi kwao. Hiyo ni sehemu inayojulikana kuhusika na mazoea.

Fikiria umeme umekatika tangu asubuhi, nawe unajua. Usiku unaingia chumbani, mkono unakwenda ukutani kubonyeza swichi. Unajikumbusha kwamba hakuna umeme, unatoka, unarudi, mkono unakwenda tena. Ulipohamia nyumba hiyo uliipapasa swichi gizani ukiitafuta. Leo ukivuka kizingiti tu, mkono umeshafika. Kwa mgonjwa, picha ya chapati inayong'aa mafuta ni kile kizingiti. Huenda mwanzoni aliikataa kwa kuamua, akasifiwa, akaona raha. Akarudia mlo baada ya mlo, hadi kukataa kukawa hakungoji tena uamuzi. Na chumba hicho anakiingia mara tatu kwa siku.

Tena, jinsi striatamu ilivyoshirikiana na sehemu ya mbele ya ubongo walipotazama picha tu ilihusiana na kiasi walichokula kesho yake, mezani, chakula chenyewe.

Watu 21 ni wachache, hilo lisemwe. MRI hufuatilia damu yenye oksijeni, haisomi mawazo. Njaa ya muda mrefu nayo huubadili ubongo, hivyo ni vigumu kutenganisha chanzo na matokeo. Wala haya hayaelezi bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kukitoa chakula, kwa mfano kwa kujitapisha.

Hata hivyo, Steinglass na wenzake walijaribu tiba inayomfundisha mgonjwa kutambua kinachoamsha mazoea yake na kubadili vitendo vidogo vidogo vya mlo. Jaribio lilikuwa dogo, lakini nguvu ya mazoea ilipungua.