Kuongea mbele za watu sio kipaji: dhana potofu kuhusu klabu za hotuba na uongozi

Miaka sita iliyopita kwenye msiba wa baba yetu mdogo nilipewa kazi moja tu, kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Niliandika usiku, nusu ukurasa, nikaisoma mara nne jikoni peke yangu ikatoka vizuri kabisa. Kesho yake nikashika maiki, mstari wa pili sauti ikakata. Sio kwa kilio, kilio watu wangeelewa, ilikuwa woga tu, mkono unatetemeka mpaka karatasi inasikika kwenye spika. Shangazi akanipokea karatasi akamalizia lakini mwandiko wangu hakuuweza vizuri, akaruka jina la vijana wa mtaa waliochimba kaburi toka alfajiri. Hilo linaniuma mpaka leo.

Miezi kadhaa baadae mfanyakazi mwenzangu akanipeleka kwenye klabu ya Toastmasters hapahapa Dar, hili ni shirika la kimataifa la klabu ambazo watu wanakutana kufanya mazoezi ya kuhutubia na kuongoza, na tangu nijiunge nimealika watu wengi sana, ndugu, majirani, watu wa kwaya, na karibu wote wananipa sababu zilezile za kutokuja. Nimeona nizijibu sehemu moja.

"Kuna watu wamezaliwa waongeaji, sie wengine hatuna hicho kipaji"

Hii ndo ya kwanza na ndo inayozuia watu wengi kuliko zote. Kwanza mwangalie Mohammed Qahtani wa Saudi Arabia, alikuwa na kigugumizi toka utotoni, na mwaka 2015 akachukua ubingwa wa dunia wa hotuba wa Toastmasters, mashindano yanayoanzia ngazi ya klabu na yanaingiza maelfu ya watu kutoka nchi nyingi. Mtu mwenye kigugumizi jamani.

Pili mwangalie yule jamaa wa kijiwe cha kahawa mtaani kwenu, yule anayeshika maongezi kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne. Mlete mbele ya watu ishirini wamekaa kimya, mpe mada ambayo hakuichagua na dakika mbili, nimeshaona mara nyingi wanavyokwama. Kijiweni unadakia neno la mwenzio, ukiishiwa kuna mtu anakudaka, unacheka, mnaendelea. Mbele za watu unaanza mwenyewe kutoka kimya na unamaliza mwenyewe, hamna wa kukupokea, kwahiyo ni ufundi mwingine kabisa na huo ufundi unafundishika kama kushona au kuendesha gari.

Mimi kwenye hotuba yangu ya kwanza nilisema "yaani" mara 31 ndani ya dakika tano. Najua idadi kwa sababu kila kikao kuna mtu kazi yake ni kuhesabu hivo viungio, yaani, sasa, eeh, nanii, na mwisho anasoma hesabu ya kila mmoja. Nikajitahidi kuwa makini nisiseme, ikawa mbaya zaidi. Mama mmoja pale akaniambia mwanangu usipigane na hilo neno, likija we funga mdomo, vuta pumzi. Ile sekunde ya kimya kwako wewe inaonekana ndefu kama foleni ya daladala, anayekusikiliza anaona tu umetulia. Baada ya hotuba nne nilikuwa na "yaani" sita.

"Hicho ni kilabu cha walevi, si ndo mnagonganisha glasi?"

Nacheka lakini hii naulizwa kweli, maana "toast" kwa Kiingereza ni kule kunyanyua glasi kumtakia mtu heri, na ukichanganya na neno lenyewe kilabu kwa kweli siwalaumu watu. Toastmaster kwa Kiingereza ni yule anayesimamia shughuli na kukaribisha wasemaji, kwetu tungesema MC au mshereheshaji. Aliyeanzisha ni Ralph Smedley, alikuwa anafanya kazi YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, kule Bloomington, Illinois, Marekani, mwaka 1905 akaona vijana wanaokuja pale hawajui kuongea wala kuendesha kikao, akawatengenezea mazoezi wakiwa wanapeana zamu. Klabu inayohesabiwa kuwa ndo mwanzo wa shirika ilianza tarehe 22 Oktoba 1924 huko Santa Ana, California. Wanawake walikuja kuruhusiwa rasmi mwaka 1973, naitaja hii kwa sababu leo kwenye klabu yetu wanawake ndo wengi. Pombe haipo. Kuna maji na saa nyingine karanga.

"Ukizoea woga unaisha"

Hauishi. Naomba niseme hivo wazi kwa sababu watu wanakuja mara tatu, wanaona moyo bado unadunda, wanajiambia mimi hii haiwezekani wanaacha. Moyo wangu bado unadunda mpaka leo kila nikitajwa jina. Kinachobadilika ni kwamba mwili unajua kitakachofuata, unajua ukishavuka sentensi mbili za mwanzo pumzi itarudi, kwahiyo hizo sentensi mbili unazishika kichwani neno kwa neno na zinazobaki unaziacha kwenye pointi tu. Na karatasi usishike mkononi kama mkono unatetemeka, weka mezani au tumia kadi ngumu ndogo, haitoi sauti.

"Kukosolewa mbele za watu ni kudhalilishwa"

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo moyo wa programu nzima na ndo panapogongana na malezi yetu. Sisi tumefundishwa mtu usimseme mbele za watu, na mtu akimaliza kuongea tunampa "hongera sana, umeongea vizuri", basi. Nani amewahi kunufaika na hongera sana? Mwenyekiti wa harusi anaongea dakika arobaini chakula kinapoa, anaambiwa hongera sana, harusi inayofuata anaongea dakika hamsini.

Klabuni kila hotuba iliyoandaliwa ina mtathmini wake aliyepangwa kabla, na yeye anapewa dakika mbili hadi tatu. Anaongelea hotuba, haongelei wewe. Anataja kilichomfika, anataja sehemu moja au mbili alizokupoteza, anakwambia ujaribu nini wiki nyingine.

Kuna mzee wetu mmoja, mstaafu, alitoa hotuba kuhusu mashua iliyowazimikia injini wakiwa njiani kwenda Mafia usiku, na aliyepangwa kumtathmini ni binti wa miaka 22 yuko chuo. Binti akasimama, akasema shikamoo mzee wangu, mzee akaitikia marahaba, watu wakacheka kidogo, halafu akaendelea, "Pale uliposema mlisikia maji yanagonga ubao na hamna anayeongea, nilikuwa nipo na nyie kwenye mashua. Lakini injini ilipozima tu, uliangalia karatasi, ukaisoma mpaka mwisho, sisi tukabaki baharini. Kile kisa ni chako mzee, hakihitaji karatasi, ukifika pale utuangalie sisi." Mzee alikuwa anaandika. Wiki tatu baadae akarudi na hotuba nyingine na hakuja na karatasi kabisa.

Na sikilizeni, aliyefaidika zaidi siku ile nadhani ni yule binti. Kusikiliza hotuba ya mtu aliyekuzidi umri mara tatu, ukapata cha kweli cha kumwambia, ukakisema kwa adabu bila kukipunguza, ndani ya dakika tatu, hicho ndo kitu mabosi wengi hawakiwezi mpaka wanastaafu.

"Mimi nataka kuongea tu, mambo ya uongozi siyataki"

Au kinyume chake, uongozi ni cheo, mtu ukiteuliwa ndo unajifunza. Mimi mwanzoni niliona zile kazi ndogondogo za kikao ni za kumpa mgeni asikae bure. Mtunza muda kwa mfano. Una kadi tatu, kijani, njano, nyekundu. Hotuba ya kwanza ya mwanachama ni dakika nne hadi sita, ikifika nne unanyanyua kijani, tano njano, sita nyekundu. Maswali ya papo hapo, yale unayojibu bila kujiandaa, ni dakika moja hadi mbili. Rahisi, sio? Sasa siku rais wa klabu anaongea na muda umeisha na anajifanya hakuoni, unafanyaje? Unanyanyua nyekundu na unaiacha juu. Mwisho unasimama unasoma mbele yake kwamba alizidisha dakika moja na sekunde ishirini. Siku ile nilirudi nyumbani nikijua kitu kuhusu mamlaka ambacho semina za kazini hazijawahi kunipa.

Klabu ina viongozi saba, kuanzia rais mpaka yule anayefika mapema kupanga viti na kukaribisha wageni. Wanachaguliwa, wanatumikia, wanaachia wengine. Nilikuwa makamu wa rais wa elimu, kazi kubwa ni kupanga ratiba, nani anaongea lini nani anamtathmini, na watu ni wa kujitolea, huna mshahara wa kumkata mtu. Mtu anakupigia saa tisa mchana hatokuja na kikao ni saa kumi na mbili. Unajifunza kuomba, kuwa na mtu wa akiba, kumpigia yule aliyekwepa mara tatu ukamuuliza taratibu kuna nini, na mara nyingi kuna kitu.

"Bila Kiingereza cha kunyoosha huwezi"

Klabu nyingi za huku kwetu zinaendeshwa kwa Kiingereza, ni kweli, lakini hiyo ni chaguo la klabu sio sheria ya shirika. Na hata kwenye hizo, misamiati mizito haikusaidii, kisa chako kikiwa na mwanzo na mwisho watu watakushika.

"Ni kwa wenye hela"

Hapa sitawadanganya, ada ya shirika ni dola 60 kwa kila miezi sita na mwanachama mpya anaongeza dola 20, na kwa wengi wetu hiyo ni hela. Ila kwa kawaida mgeni haingii kwa kulipa, nenda uone, nenda hata mara mbili tatu. Na hamna anayewazuia kuchukua utaratibu wenyewe mkaufanya kwenu, kwenye vikoba, kwaya, madrasa, chuo. Mnahitaji simu ya kupima muda, vipande vitatu vya manila, mtu wa kuhesabu "yaani", na mtathmini kwa kila msemaji. Cheti hamtapata, mazoezi mtapata.

Kwaya yetu tumeanza hivo toka Januari, kila Jumatano baada ya mazoezi ya kuimba, watu kumi na wawili. Wiki hii ni zamu ya dada mmoja wa sauti ya pili, kaka yake anaoa mwezi ujao na yeye ndo ataongea kwa upande wa familia. Ameniomba asisimame nyuma ya meza, anataka kuzoea kusimama wazi. Mimi nashika kadi.