Le'Veon Bell Alipotia Mpira Kwapani

Watu wakisikia mchezaji amekataa dola milioni 70, neno la kwanza linalowatoka ni "tamaa". Nimelisikia sana likisemwa juu ya Le'Veon Bell, mkimbiaji wa Pittsburgh Steelers aliyegoma msimu mzima wa 2018. Wengi wanaolisema waliishia kwenye hiyo 70 na hawakutazama fedha zenyewe zilivyopangwa. Shughuli yangu ni mikataba ya wachezaji wa soka letu hili la kawaida, lakini ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, naifuatilia kwa karibu. Kule siri za mezani hazikai, kwa hiyo mtu unapata cha kujifunza.

Katika futiboli ya Kimarekani, mkimbiaji ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi na kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, kisha anapenya nao katikati ya mijitu yenye zaidi ya kilo mia inayotaka kumlaza chini. Steelers walimchukua Bell mwaka 2013, raundi ya pili ya drafti, ule mgao wa kila mwaka ambao timu huchagua chipukizi kwa zamu. Msimu wa 2017 alikimbia na mpira mara 321 na kudaka pasi 85. Hizo ni mara 406, na ligi nzima hakuna aliyemfikia. Karibu kila moja iliishia kwa kupigwa mweleka.

Mkataba wake wa kwanza wa miaka minne ulishakwisha kabla ya msimu huo. Kwetu mkataba ukiisha mchezaji ni huru, anabeba viatu vyake anaenda anakotaka. NFL si hivyo. Tangu 1993 kila timu inaweza kumzuia mchezaji mmoja anayemaliza mkataba kwa kumpiga kile wanachokiita tagi. Tagi ni ofa ya mwaka mmoja yenye mshahara unaopangwa kwa kanuni: ama kiwango kinachotokana na wanaolipwa zaidi katika nafasi yake, ama asilimia 120 ya alicholipwa mwaka uliopita, chochote kilicho kikubwa. Bell alipigwa tagi 2017 kwa dola milioni 12.1. Mwaka 2018 akapigwa tena, safari hii milioni 14.5.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Bell hakuvunja mkataba, kwa sababu hakuwa na mkataba. Tagi mpaka isainiwe ni karatasi tu, na asiyesaini hawezi kutozwa faini kwa kutofika kambini. Ila hapati hata senti, na hawezi kuchezea timu nyingine. Wanaokumbuka sakata la Feisal Salum na Yanga, lile la Desemba 2022 lililoishia Azam Juni 2023, wasilifananishe na hili. Fei Toto alikuwa na mkataba hai na alitaka kutoka ndani yake, ndiyo maana kamati ya TFF ikamwambia bado ni mali ya Yanga. Bell alikuwa amefungiwa nje ya soko bila kusaini chochote.

Sasa turudi kwenye hizo milioni 70. Timu iliyopiga tagi ina hadi katikati ya Julai kukubaliana na mchezaji mkataba mrefu. Siku hiyo ikipita, hakuna tena mazungumzo ya miaka mingi mpaka msimu uishe. Taarifa zilizotoka baada ya tarehe 16 Julai 2018 zilisema Steelers walimwekea mezani miaka mitano: milioni 33 katika miaka miwili ya mwanzo, 45 ikifika ya tatu, 70 kwa jumla. Zilizodhaminiwa siku ya kusaini zilikuwa kama milioni 10 tu.

Mkataba wa miaka mitano wa NFL unamfunga mchezaji kwa miaka mitano. Timu unaifunga kwa fedha za uhakika tu. Akiumia goti mwaka wa pili, au timu ikipata kijana wa bei nafuu, wanamwacha na miaka iliyobaki inayeyuka pamoja na mishahara yake. Klabu zetu zikimfukuza mchezaji wa kigeni bila kumlipa, FIFA inazifungia usajili mpaka zilipe, na mashabiki wa Tanzania wanalijua hilo vizuri. Mkimbiaji wa NFL hana pa kushitakia mwaka wa nne ambao timu haikuudhamini. Kwa hiyo mteja wangu akiletewa karatasi ya namna ile, ningeifuta 70 kwa kalamu nyekundu na kuanzia kwenye 10.

Steelers nao walikuwa na msimamo wao wa miaka mingi: mchezaji asiye kotabeki hadhaminiwi zaidi ya pesa ya usajili anayopewa akisaini. Bell aligonga ukuta uliokuwepo kabla yake.

Katika malalamiko alikuwa sahihi, kwa maoni yangu. Silaha ndiyo iliyomponza. Mgomo ni vita ya muda, na mkimbiaji ndiye mwenye muda mfupi kuliko wote uwanjani. Miaka yake bora huwa ile ya mkataba wa kwanza, ambao bei yake imepangwa na drafti. Akiufikia utajiri, mwili umeshatumika. Kibaya zaidi, wenzake wanaoweza kufanya kazi ileile wako wengi. Mwaka 2023 tagi ya mkimbiaji ilikuwa dola milioni 10.1, ya mpokea pasi 19.7. Soko limeshasema.

Emmitt Smith alishinda mgomo wake mwaka 1993 kwa sababu moja. Dallas Cowboys, mabingwa watetezi, walipoteza mechi mbili za kwanza bila yeye. Mmiliki Jerry Jones akatoa milioni 13.6 kwa miaka minne, Smith akarudi, na ubingwa ukarudi pia. Bell alihitaji Steelers waumie hivyo. Badala yake akatokea James Conner, kijana wa mwaka wa pili aliyewahi kuugua saratani akiwa chuo kikuu hapo hapo Pittsburgh. Mechi ya kwanza dhidi ya Cleveland alikimbia yadi 135 na kufunga mara mbili. Bell alikuwa akipoteza takriban dola 855,000 kila wiki, na mshahara wa Conner wa msimu mzima haukufika hapo.

Wenzake wa mstari wa mbele, wale wanaomfungulia njia, walimgeuka hadharani kabla hata msimu haujaanza. Ramon Foster alilalamika kwamba Bell angelipwa mara saba yake na bado hayupo kambini. Saa kumi jioni ya tarehe 13 Novemba, mwisho wa kusaini tagi, ikapita. Kesho yake wachezaji wakagawana viatu na vitu alivyoacha kabatini kwake. Mimi nadhani pale ndipo mazungumzo yalipokufa kweli, maana kocha anayeona chumba cha kubadilishia nguo hakimlilii mtu hampigii tajiri simu.

Februari 2019 Steelers wakaamua kutompiga tagi ya tatu. Machi akasaini New York Jets: miaka minne, milioni 52.5, kati yake 35 zikitajwa kuwa za uhakika. Watu walicheka kwamba amekimbia 70 akaangukia 52. Lakini tazama safu ya udhamini: imepanda kutoka 10. Jets wakamwacha Oktoba 2020 baada ya mechi 17, na kwa mechi hizo zimewatoka takriban milioni 28. Ukiweka na mwaka alioupoteza bila malipo, miaka mitatu ilimpa pungufu kama milioni 17 kuliko ile 45 ya Pittsburgh, kama Pittsburgh wangemvumilia miaka yote mitatu. Kwa yadi 3.2 tu alizokuwa akipata kwa kila mbio msimu wa 2019, sidhani.

Mwaka huohuo wa 2019 Ezekiel Elliott wa Dallas aligoma akiwa Mexico na kurudi na mkataba wenye milioni 50 za uhakika. Melvin Gordon wa Chargers akagoma mechi nne na kurudi mikono mitupu. Kisha mkataba wa pamoja wa 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji ukaufunga zaidi mlango: aliye na mkataba ambao si wake wa kwanza asipofika kambini anatozwa dola 50,000 kwa siku, na timu haina ruhusa ya kumsamehe.

Saquon Barkley alipopigwa tagi na New York Giants mwaka 2023 hakugoma. Alisaini mwaka mmoja ulioongezwa marupurupu kidogo, akacheza, akaachiwa aondoke. Philadelphia Eagles wakampa milioni 37.75 kwa miaka mitatu, 26 zikiwa za uhakika. Msimu wa 2024 akakimbia yadi 2,005 na kutwaa Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi, na Machi 2025 wakamwongezea miaka miwili kwa milioni 41.2. Za uhakika humo ni 36.