Eti ukimuuliza kijana kuhusu kujiua unampa wazo? Hapana jamani

Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Mzazi anakaa mbele yangu hapa Moshi, mara nyingine mwalimu kabisa, anasema "niliogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo". Kuuliza hakumtii mtu wazo! Tafiti zimelichunguza hili na hazijaona kwamba kuuliza kunaongeza hatari, tena wengi wakiulizwa wanashusha pumzi, maana jambo walikuwa nalo siku nyingi ila hawakuwa na wa kumwambia.

Shida ni unavyouliza. Usimuulize mezani mbele ya shangazi na wadogo zake, na usiseme "wewe huwazi hayo mambo ya kijinga, au sio?", hapo ushamjibia. Mkiwa wawili tu, labda mnachambua mboga, mwambie umeona hapati usingizi, hali chakula vizuri, marafiki kawakimbia, halafu uliza kwa neno lenyewe: umefika mahali unawaza kujiua? Kisha nyamaza, usimjazie majibu. Akisema ndiyo, usianze na dhambi wala "humuonei huruma mama yako", usimwahidi kutunza siri, na asibaki peke yake mpaka mfike hospitali, hapa Moshi hospitali ya KCMC wana idara ya magonjwa ya akili. Kama ni mtoto, kuna simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ni ya bure.

Halafu ile sumu ya kunyunyizia nyanya na kahawa, mliyoiweka stoo au chini ya kitanda, iondoeni leo leo, hata ikae kwa jirani kwa kufuli. Najua mtasema aliyeamua kaamua. Si kweli, ile hali kali mara nyingi ni ya muda mfupi, ikipita na sumu haiko karibu mtu anapona. Sri Lanka walipopiga marufuku sumu kali za mashambani, vifo vya kujiua vilishuka sana.

Wengine husema "anadeka tu huyo." Hapana, matatizo mengi ya akili huanza ujanani, na anayedeka hafeli ghafla masomo yote.

Maombi? Endeleeni nayo, sina ugomvi na mchungaji, ila asimwachishe mtoto dawa.

Na dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hazimfanyi mtu teja. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usinipigie siku ya nne kusema hazisaidii, na usimkatishe ghafla bila kuongea na daktari.