Breki zenye upepo: maana yake, na kwa nini gari la zamani huwachanganya mafundi

Breki zikisemwa zina upepo, maana yake hewa imeingia kwenye njia ya mafuta ya breki, mahali popote kati ya masta silinda, yaani pampu kuu inayosukumwa na pedali, na silinda ndogo za magurudumuni. Mafuta hayabonyei: ukiyasukuma huku, nguvu inatokea kule. Hewa inabonyea. Kwa hiyo mguu wako unatumia mwendo wake kuibana hewa, na breki shuu, vile vipande vya kusugua, zinachelewa kuifikia dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Pedali inakuwa laini, inarudisha mguu kidogo kama springi, na gari linapitiliza pale ulipotaka lisimame.

Hiyo ndiyo maana yake halisi. Shida ni kwamba kwenye gereji nyingi kila pedali inayokwenda chini huitwa upepo. Fundi anashika spana ya kufungulia hewa, kijana anapampu pedali, mafuta yanamwagwa kopo zima, na pedali inabaki palepale. Kwa gari lenye dramu magurudumu yote manne, kama Land Rover 109 ambazo bado zinafanya kazi Tanzania na Kenya, hilo ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu mara nyingi pedali ya chini haitokani na hewa.

Kabla ya kufungua chochote, kaa kwenye usukani gari likiwa limezimwa na limewekewa vigingi, kisha usikilize mguu. Kanyaga mara moja. Achia, ukanyage tena upesi. Kama mara ya pili pedali imepanda juu na imekuwa ngumu kabisa, bila kudunda, mafuta yako hayana neno. Breki shuu zimelika na ziko mbali na dramu. Mkanyago wa kwanza umetumika kuzisogeza tu. Wa pili umezikuta zikiwa hazijarudishwa kikamilifu na springi zake, ndiyo maana umeshika juu. Kama imepanda lakini bado inadunda, hapo kweli kuna hewa.

Magari mengi ya sasa hujirekebisha yenyewe shuu zinapolika. 109 hairekebishi kitu. Nyuma ya bamba la breki kuna boliti ya ajasta, na ndani yake kipande chenye umbo la konokono kinachoisukuma shuu nje kila boliti inapozungushwa. Magurudumu ya mbele ya 109 yana silinda mbili kila moja, na ajasta mbili, moja kwa kila shuu. Hapa ndipo kazi huharibika: fundi anarekebisha moja, anaridhika, ya pili inabaki imelala. Inua gurudumu, liweke kwenye stendi imara, usitegemee jeki peke yake. Zungusha ajasta mpaka gurudumu ligande, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kukwama. Kanyaga breki kwa nguvu ili shuu zikae katikati, halafu pima tena, kwa sababu mara nyingi nafasi inakuwa imebadilika. Fanya hivyo kwa kila ajasta. Pedali nyingi zilizohukumiwa kuwa na upepo hupona hapa, bila tone moja la mafuta mapya.

Ukifungua dramu, tafadhali usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Kuna pedali nyingine isiyofanana na hizo. Unaikanyaga, inashika vizuri, lakini ukiendelea kuikandamiza inazama polepole hadi sakafuni. Hewa haifanyi hivyo. Hapo mafuta yanatoroka. Angalia kwanza kama kiwango kwenye kopo la masta silinda kinapungua, na kama kuna unyevu nyuma ya magurudumu au kwenye paipu. Kama nje ni pakavu na kopo halipungui, raba za ndani ya masta silinda zimechoka na mafuta yanapita pembeni mwake. Usiliendeshe gari hilo kwa matumaini. 109 nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo ikifeli, zote zimefeli. Marekani ililazimisha magari madogo mapya kuwa na njia mbili kuanzia 1968, na sababu ni hiyohiyo.

Raba hizo pia huuawa na mafuta yasiyo yake. Oili ya injini, hata kidogo tu, huzifanya zivimbe na kulegea, na kuanzia hapo hakuna kutoa upepo kutakakosaidia.

Sasa, kama kweli ni hewa, 109 ina ubishi wake wa kutoa. Pistoni zikiwa zimetoka sana kwenye silinda za magurudumu, ndani yake panabaki nafasi ambamo hewa hujificha. Legeza kwanza ajasta zote kabisa, ili springi za shuu zirudishe pistoni ndani, ndipo utoe upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Ukimaliza, rudisha ajasta mahali pake. Kuna mafundi wazuri wanaopoteza siku nzima kwa kutoijua hatua hiyo moja.

Upepo mwingine haukuingia kutoka nje, unazaliwa ndani. Mafuta ya breki ya madaraja ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini iliyokwisha kunyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155 hivi. Teremka mlima Kitonga, ule wenye kona nyingi kwenye barabara ya Iringa, na mzigo huku umeng'ang'ania breki, joto la dramu linafika kwenye silinda, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. Pedali iliyokuwa nzuri Iringa inaenda sakafuni katikati ya kona. Ukisimama gari likapoa, inarudi, na fundi atakayeipima bondeni ataapa kwamba haina kitu. Tofautisha na breki zilizochoka kwa joto tu: hizo pedali hubaki ngumu, ila gari halisimami, kwa sababu shuu zimepoteza mshiko. Ya mvuke dawa yake ni kumwaga mafuta yote ya zamani na kuweka mapya mpaka yatoke masafi kwenye kila gurudumu. Ya shuu dawa yake ni kuweka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza.