Aneurizimu kwa wanyama wa maabara: nini hutokea kwenye ukuta wa mshipa miezi kadhaa baadaye

Aneurizimu ni sehemu ya ateri iliyotanuka kwa sababu ukuta wake umedhoofika na unashindwa kuhimili msukumo wa damu. Kwa binadamu, aota (ateri kuu inayotoa damu moyoni) ya tumboni ikifikisha kipenyo cha sentimita 3 huhesabiwa kuwa na aneurizimu, na kutoka hapo hadi sentimita 5.5, kipimo ambacho kwa wanaume madaktari huanza kuzungumzia upasuaji, huweza kupita miaka mingi. Hakuna mgonjwa anayeweza kukatwa kipande cha ukuta huo kila mwezi ili kionekane kinavyobadilika. Kwa hiyo watafiti huanzisha aneurizimu kwa panya, sungura au nguruwe, kisha huifuatilia. Mabadiliko ya muda mrefu ni yale yanayobaki au kujitokeza baada ya jeraha la kwanza kutulia.

Ili kuyaelewa, tazama tabaka la kati la ukuta wa aota. Chini ya darubini, elastini huonekana kama mistari ya mawimbi, na katikati ya mistari hiyo zimo seli za misuli laini. Panya wa aina ndogo (mouse) ana mistari isiyofika kumi. Binadamu anayo makumi. Elastini huufanya mshipa unyumbuke na kurudi, kolajeni huuzuia usipasuke. Elastini nyingi hutengenezwa mwilini mapema maishani, na ikiharibika ukubwani hairudi katika mpangilio wake. Kolajeni huendelea kutengenezwa. Kwa hiyo ukuta uliojeruhiwa hujiponya kwa kovu: unakuwa mgumu zaidi, lakini si lazima uwe imara zaidi.

Mwaka 1990, Anidjar na wenzake walieleza mbinu ya kuingiza elastesi, kimeng'enya kinachokata elastini, ndani ya aota ya panya. Cha kushangaza ni kwamba mshipa haukutanuka sana papo hapo. Mtanuko mkubwa ulikuja siku chache baadaye, makrofaji na seli nyingine za kinga zilipouvamia ukuta na kumwaga vimeng'enya vyao wenyewe. Kimeng'enya kilifungua mlango tu. Wiki zikipita, seli hizo hupungua, kolajeni hujazana, na mara nyingi aneurizimu huacha kukua. Hapo ndipo mfano huu unapoachana na ugonjwa wa binadamu, ambao kwa kawaida huendelea kukua.

Mfano mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, hutumia panya wa aina ndogo wasio na jeni ya ApoE, inayosaidia kuondoa kolesteroli kwenye damu, wanaopewa angiotensini II, homoni inayopandisha shinikizo la damu, kwa pampu iliyowekwa chini ya ngozi, kwa kawaida kwa siku 28. Kwao tabaka la kati huchanika mapema na damu huvilia ndani ya ukuta. Baadaye damu hiyo hugeuka tishu ya kovu. Tena, mtanuko hutokea juu ya figo, ilhali kwa binadamu mara nyingi huwa chini yake. Mtafiti akikuonyesha ukuta mnene wa siku ya 28, muulize kwanza: ni unene wa nini?

Watafiti wengine huongeza BAPN, kemikali inayozuia nyuzi za elastini na kolajeni zisifungamane. Panya wakipata elastesi pamoja na BAPN, kovu haliwi imara, na aneurizimu inaweza kuendelea kukua hadi karibu siku ya 100, nyingine zikapasuka. Kwa maoni yangu mfano huu unakaribia zaidi hali ya mgonjwa.

Aina ya mnyama nayo ina uzito. Kifuko cha aneurizimu kinachotengenezwa kwa elastesi kwenye ateri ya shingo ya sungura hubaki wazi kwa miezi mingi. Kwa nguruwe, kifuko kilichoshonwa kwa kipande cha vena huelekea kuganda na kupona chenyewe, hivyo kifaa cha kuziba aneurizimu kinaweza kusifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwili.

Doksisaiklini, dawa ya antibiotiki ambayo pia huzuia vimeng'enya vinavyoharibu ukuta, inaonyesha gharama ya kupuuza muda. Kwa panya ilipunguza aneurizimu, hasa ilipotolewa mapema, ukuta ukiwa bado unavamiwa. Kwa wagonjwa wenye aneurizimu ndogo, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kuwa miaka 2 ya dawa hiyo haikupunguza kasi ya kukua. Ukisoma utafiti wa aina hii, tafuta siku mbili: ya kwanza kutoa dawa, na ile tishu ilipochukuliwa.