DNA ya bakteria haikutupwa ovyo ndani ya seli
Wengi huamini kwamba, kwa kuwa bakteria hawana kiini, DNA yao huelea tu ndani ya seli bila mpangilio. Imani hiyo inaeleweka, maana michoro mingi ya shuleni huionyesha kama uzi uliojikunjakunja.

Hesabu ndogo inatosha kuipima. DNA ya Escherichia coli, bakteria anayeishi utumboni, ina takriban jozi milioni 4.6 za besi (vipande vidogo vinavyoiunda DNA), na kila jozi huchukua urefu wa nanomita 0.34, nanomita ikiwa sehemu ya milioni ya milimita. Zidisha, utapata karibu milimita 1.6. Seli yenyewe ina urefu wa mikromita 2 hivi, yaani milimita 0.002, kwa hiyo DNA inaizidi zaidi ya mara 700! Bila mpangilio ingekwama kila seli inapogawanyika.

Kinachofanyika humo kinastaajabisha kweli. Kimeng'enya kiitwacho girasi huisokota DNA mpaka ijikunje yenyewe, kama kamba iliyosokotwa kupita kiasi. Protini nyingine huipinda, nyingine huishika katika vitanzi, na bado jeni zinazohitajika husomeka. Siprofloksasini, antibiotiki inayotumika sana, huua bakteria wengi kwa kuivuruga girasi hiyohiyo.

Tafuta pia picha za hadubini za bakteria waliotiwa rangi inayoshika DNA. Mara nyingi rangi haijai seli nzima. Hukusanyika sehemu ya kati, kwenye nukleoidi, eneo lisilo na utando wowote.